Kata

Mkia wake ulijikunja mgongoni
kama kata ya mama ya kuchukulia maji,
ndiyo sababu tukamwita Kata.
Masikio wima, manyoya mazito,
rangi yake vumbi la barabara ya Igowole.
Aliachwa na Bwana Arvo, mpima misitu,
aliyerudi kwao kwenye theluji
akatuachia mbwa, koti la mvua
na sufuria isiyo na mfuniko.

Kikoti alicheka hadi akakohoa.
Mbwa wa Kikoti hawabweki.
Huwavisha njuga shingoni
wakaingia kichakani wameinama kama wadeni.
"Huyu mwenye mdomo," alisema,
"atatufukuzia kitoweo."

Na mdomo alikuwa nao.
Ila alijua kuutumia.
Kororo wakikurupuka kwenye mabingobingo
wakatua juu ya mwiza,
Kata huketi chini ya mti, pua juu,
akabweka kwa sauti moja isiyo na hasira,
na ile kata ya mkia
ikayumba kushoto, ikayumba kulia.
Kororo huinamisha shingo:
kichaa huyu wa chini anataka nini?
Humtazama yeye.
Hamwoni baba anayenyata nyuma na gobore
lenye kibali cha ofisi ya kata
(Kata alikinusa kile kibali, akapiga chafya).
Ndege akihama, mbwa anahama,
mbio zake kimya kabisa,
sauti hairudi mpaka amefika.

Shida ilikuwa moja: baba hakusikia.
Miaka kumi na tisa kwenye msumeno wa kiwanda cha mbao
ilimwachia vidole vinane
na ukimya.
Mbwa wa kubweka kapewa kiziwi.
Mungu naye ana utani wake.

Basi mimi, darasa la tano, nikawa masikio.
Nikajifunza.
Kubweka kwa kupumzika, kama mtu apasuaye kuni:
ndege, yuko mtini, msikimbie.
Kubweka kwa kufululiza, sauti inakwaruza:
nguruwe, amegeuka, anaonyesha meno.
Mara moja halafu kimya:
pimbi, ameshaingia jiweni, twendeni tukale.
Nilimwandikia baba mgongoni kwa kidole.
Duara ni ndege. Mstari ni nguruwe.
Kwa pimbi nilimpapasa tu,
kama unavyompa mtu pole.

Juni ile ukungu ulikaa siku nne.
Nguruwe wakashuka kwenye viazi vya Kikoti,
na njuga zikalia huku, zikalia kule,
kila upande njuga, na nguruwe hayupo.
Alfajiri alibisha hodi kwetu, miguu imejaa tope.
Alisema akiangalia kizingiti:
"Niazimeni yule mwenye mdomo."

Tulitembea ndani ya maziwa.
Sikuona hata vidole vyangu.
Kisha bondeni, ng'ambo ya misonobari,
sauti ikakwaruza, ikafululiza, haikuondoka mahali,
na mimi nikachora mstari, mstari, mstari
juu ya koti la mvua la Bwana Arvo.

Paja alilileta Kikoti mwenyewe, kichwani.
Hakucheka.

Jioni ile Kata aliendelea kubweka uani,
labda kwa furaha, labda kwa ile harufu.
Baba alipiga magoti
akaweka kiganja kwenye mbavu zake,
akakaa hivyo, macho amefumba, muda mrefu,
ugali ukapoa.
"Kumbe ni nene," alisema.
"Miaka yote nilidhani ana sauti nyembamba."

Sasa kwa Kikoti kuna wajukuu wa Kata,
mikia imejikunja nusu, kata iliyofunguka,
njuga shingoni, vinywa vimefungwa.
Jana nilikuwa napita na ndoo.
Mmoja wao, kule kwenye majabali,
alibweka mara moja, halafu kimya.

Pimbi, nikasema.
Nikainua mkono,
nikatafuta mgongo wa kupapasa.